Tawi Lililouza Dawa Kabla Halijafunguliwa: Niliyojifunza Kuhusu Tarehe Kati ya Kanzidata na Ripoti

Kompyuta nyingi nilizokutana nazo maofisini, mpya na za mtumba, zilikuwa zimepangwa kwa Kiingereza cha Marekani, kwa sababu fundi aliyeziwasha mara ya kwanza alibonyeza kitufe cha kuendelea hadi mwisho bila kuugusa ukurasa wa kuchagua eneo. Kwa anayeandika barua au kuchapa mitihani, mpangilio huo hauna madhara. Kwa anayehamisha takwimu kutoka mfumo mmoja hadi mwingine una madhara makubwa, kwani sisi huanza na siku kisha mwezi, Wamarekani huanza na mwezi kisha siku, na maandishi 01/07/2023 yanakubalika pande zote mbili yakiwa na maana zinazoachana kwa karibu miezi sita.

Nilikuwa nikishughulikia takwimu katika kampuni ya kuuza dawa za binadamu kwa jumla, yenye makao makuu Mwanza na matawi katika miji kadhaa ya Kanda ya Ziwa. Mauzo ya makao makuu yaliingia moja kwa moja katika kanzidata ya SQL Server, programu ya Microsoft ya kuhifadhi data. Matawi yalitumia programu ndogo ya mauzo ambayo haikuunganishwa na seva, hivyo kila mwisho wa mwezi karani alitoa orodha ya ankara, akaifungua kwa Excel ili aikague, akaituma kwa barua pepe, na programu ya kupakia iliyokuwa Mwanza ikaiingiza katika kanzidata. Ripoti za uongozi zilitoka huko, baadhi kwa Power BI, programu ya kutengeneza ripoti na chati, na nyingine kwa programu ya zamani ya ripoti ambayo mkandarasi aliitengeneza kabla sijaajiriwa.

Tawi la Geita lilifunguliwa tarehe 1 Julai 2023. Ripoti yake ya kwanza, iliyotolewa mwanzoni mwa Agosti, ilionyesha kwamba tawi limekuwa likiuza dawa tangu Januari, na kwamba limekwisha kuuza za Oktoba, Novemba na Desemba. Mhasibu alidhani ankara za tawi jingine zimeingizwa kwa jina la Geita. Meneja wa mauzo alihisi mchezo mchafu. Nilipozipanga ankara zote za tawi hilo kwa tarehe, nilikuta kila mwezi uliokuwa nje ya Julai una siku moja tu ya mauzo, na siku hiyo ni tarehe 7: tarehe 7 Januari, 7 Machi, 7 Aprili, na kuendelea hivyo mpaka 7 Desemba. Julai yenyewe ilianza tarehe 13. Februari na Septemba hazikuwa na kitu, jambo lililonitatiza kwa muda hadi nilipotazama kalenda na kuona kwamba tarehe 2 na tarehe 9 Julai mwaka ule ziliangukia Jumapili, siku ambayo tawi hufungwa. Tarehe 7 Julai haikuwepo kwa sababu ni Saba Saba. Hapo ikawa wazi kwamba siku na mwezi vimebadilishana nafasi, na kwamba mabadilishano yamezipata siku 12 za kwanza pekee.

Nilimpigia simu karani wa Geita, mama aliyenizidi umri sana, na baada ya kumwamkia nilimwomba afungue faili alilotuma anisomee safu ya tarehe. "Ya kwanza ni tarehe moja mwezi wa saba, mwanangu, siku ile tuliyofungua," akasema, na kwa macho yake alikuwa sahihi kabisa, kwani kioo kilimwonyesha 1/7/2023. Nikamwomba aibadilishe seli ile iwe ya namba ya kawaida, kisha asome tena. Akasoma elfu arobaini na nne, mia tisa thelathini na tatu.

Namba hiyo ndiyo tarehe halisi, na yale maandishi yenye mikwaju ni sura yake tu. Excel huhifadhi tarehe kwa kuhesabu siku, ikianza na 1 kwa tarehe 1 Januari 1900; katika hesabu hiyo 1 Julai 2023 ni 45108, na 44933 ni 7 Januari 2023. Kompyuta ya Geita ilisoma 01/07/2023 kwa mpangilio wa Kimarekani, ikahifadhi 7 Januari, kisha ikaionyesha 7 Januari kwa mpangilio uleule wa Kimarekani, yaani 1/7/2023. Kosa la kusoma na mtindo wa kuonyesha vilifutana machoni pa msomaji, na hakuna karani duniani ambaye angeligundua kwa kukagua. Kilichotofautiana na nakala ya awali ni kukosekana kwa sifuri mbili tu. Alama nyingine ilikuwepo, lakini inahitaji mtu aliyekwisha kuambiwa aitafute: kuanzia tarehe 13, maandishi yalikuwa yameegemea kushoto mwa seli badala ya kulia, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, na Excel iliposhindwa kuyafanya tarehe iliyaacha yalivyo.

Programu yetu ya kupakia ilikuwa imeandikwa kwa uangalifu kiasi cha kutosha kulificha jambo hili. Ilipokutana na seli yenye tarehe halisi iliichukua ilivyo, na ilipokutana na maandishi iliyasoma kwa kuanza na siku. Kwa hiyo 13/07/2023 iliingia salama, 44933 ikaingia kama 7 Januari, na hakuna mstari uliokataliwa. Laiti ingekataa hata mmoja, tungejua mapema sana.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba matawi mengine yaliyokuwa na kompyuta zenye mpangilio uleule hayakuwa na tatizo lolote. Nilipofuatilia nikakuta yanahifadhi faili kama CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, ilhali Geita na mengine mawili yalikuwa yakihifadhi kama kitabu cha kazi cha Excel. Tofauti hiyo, ambayo kila mtu aliiona ni ya mazoea tu, ndiyo iliyoamua kila kitu. Faili la CSV halihifadhi namba iliyo nyuma ya seli. Huhifadhi maandishi yanavyoonekana, hivyo tarehe iliyosomwa kinyume iliandikwa tena kinyume, ikatoka 1/7/2023, na ilipofika Mwanza ikasomwa kwa kuanza na siku, ikawa 1 Julai. Makosa mawili yalirudisha ukweli mahali pake. Kitabu cha kazi huhifadhi namba yenyewe, na hapo kosa huganda. Sipendekezi mtu ategemee bahati ya namna hiyo, lakini tangu siku ile swali langu la kwanza kwa anayelalamikia tarehe ni aina ya faili aliyotumia, kabla hata ya kuuliza mpangilio wa kompyuta yake.

Matawi mawili ya zamani yaliyotuma vitabu vya kazi yalikuwa yameishi na kosa hili kwa miaka bila kushukiwa, na sababu yake inafaa kuelezwa. Tawi likifanya kazi mwaka mzima, siku 12 za kwanza za kila mwezi hutawanyika katika miezi yote, na kila mwezi nao hupokea siku 11 kutoka miezi mingine, hivyo mwaka ukiisha jumla za miezi hukaribia ukweli. Mwaka ukiwa unaendelea, hali ni tofauti. Ripoti ya Januari inayochapishwa mwanzoni mwa Februari huwa na tarehe 1 pamoja na tarehe 13 hadi 31, kwa kuwa tarehe 2 hadi 12 zimepelekwa miezi ya mbele. Ya Februari hukosa siku moja pungufu ya hapo, na pengo huendelea kupungua hadi Desemba, ambayo haikosi kitu. Uongozi ulikuwa ukiona mauzo madogo Januari na kuyaeleza kwa ada za shule na uchovu wa sikukuu. Januari ngumu ipo kweli, kila mtu anaijua, na ndiyo maana hakuna aliyehoji. Mhasibu peke yake alikuwa akilalamika kwamba ripoti ya Januari ikichapishwa upya mwezi Juni inatoa kiasi kikubwa kuliko ile iliyomo kwenye jalada lake, na malalamiko yake yalijibiwa kwamba labda kuna ankara zilizochelewa kuingizwa.

Ukubwa wa hatari hii unaweza kuhesabiwa. Katika mwaka kuna tarehe 144 ambazo namba ya siku haizidi 12. Kati ya hizo, 12 zina namba moja kwa siku na mwezi, kama 7/7 na 8/8, hivyo kuzipindua hakubadilishi kitu. Zinabaki tarehe 132 zinazoweza kupinduliwa bila mfumo kulalamika. Tarehe 221 zilizosalia za mwaka wa kawaida hugoma au hubaki maandishi, na hizo, kwa maoni yangu, si tatizo, kwa sababu zinapiga kelele.

Kurekebisha yaliyokwisha kuingia kulikuwa kugumu kuliko kuzuia mapya. Tarehe 7 Machi ikiwa peke yake haisemi kama ni 7 Machi ya kweli au 3 Julai iliyopinduka. Lazima apatikane shahidi mwingine. Faili lenyewe lingetosha, kwa kuwa kila faili lilikuwa la mwezi mmoja, ila programu ya kupakia haikuwa ikihifadhi jina la faili katika kanzidata. Tukategemea namba za ankara, ambazo kila tawi huzitoa kwa mfululizo: ankara iliyo kati ya mbili za Julai haiwezi kuwa ya Machi. Pale ambapo namba zilikuwa na mapengo tulirudi kwenye risiti za EFD, mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi, ambazo mashine huzitia tarehe yenyewe bila kupitia Excel wala mkono wa mtu.

Amri ya kupindua ni fupi, DATEFROMPARTS ikipewa mwaka, kisha siku mahali pa mwezi na mwezi mahali pa siku. Hatari yake ni kwamba ikiendeshwa mara ya pili juu ya mistari ileile hurudisha kosa la awali, na haitoi onyo lolote. Kwa hiyo hatukugusa safu ya zamani. Tuliongeza safu mpya ya tarehe iliyosahihishwa na nyingine ndogo inayotaja ushahidi uliotumika, kama ni mfululizo wa ankara au ni risiti, na ripoti zikaelekezwa kusoma safu mpya. Mkaguzi wa hesabu alipokuja alishukuru kuona zote zipo, kwani vinginevyo angetuuliza kwa nini mauzo ya Januari ya miaka iliyopita yamebadilika.

Tulipodhani tumemaliza, ile programu ya zamani ya ripoti ikaleta yake. Malalamiko yalikuwa kwamba ripoti ya mauzo ya tangu mwezi uanze inatoa kiasi kikubwa mno siku za mwanzo, kisha kuanzia tarehe 13 inakataa kabisa na kutoa hitilafu namba 242, inayosema kwamba ubadilishaji wa maandishi kuwa tarehe umetoa thamani iliyo nje ya mipaka. Tarehe 13 ilinitosha kujua ukoo wa tatizo. Ajabu ni kwamba mkandarasi alikuwa ameandika tarehe kwa mwaka, mwezi na siku, yaani '2023-07-01', mpangilio unaofuata kiwango cha kimataifa cha ISO 8601 na ambao watu wengi, kwa haki, huuona kuwa hauna utata.

Katika SQL Server utata upo, na unategemea aina ya safu na lugha ya akaunti. Safu za aina ya zamani ya datetime husoma maandishi ya namna hiyo kwa kufuata mpangilio wa tarehe wa akaunti inayouliza. Akaunti yenye us_english hutanguliza mwezi, na '2023-07-01' huwa 1 Julai kama ilivyokusudiwa. Akaunti yenye lugha ya British hutanguliza siku, na hapo maandishi yaleyale husomwa mwaka, siku, mwezi, yakawa 7 Januari. Mtu fulani aliifungulia programu ya ripoti akaunti ya British kwa nia njema kabisa, akiamini analinganisha mfumo na desturi ya nchi. Matokeo yake, tarehe 5 Julai ripoti iliyotakiwa kuanza 1 Julai hadi 5 Julai ilijumlisha kuanzia 7 Januari hadi 7 Mei, na ilipofika tarehe 13 ikatafuta mwezi wa 13 na kukwama. Msimamizi wa kanzidata alipoijaribu kwa akaunti yake ya us_english kila kitu kilikwenda sawa, na kwa siku kadhaa mabishano yalikuwa kati ya anayesema inafanya kazi na anayesema haifanyi, wote wakisema kweli.

Kuibadilisha lugha ya akaunti kungemaliza kelele siku ileile, na kungeacha mtego ukimsubiri atakayefungua akaunti nyingine. Tuliondoa maandishi kabisa na kuifanya programu ya ripoti ipeleke kigezo cha aina ya tarehe, ambacho hakihitaji kusomwa na mtu wala lugha. Mahali ambapo hatukuweza kuigusa programu tuliandika '20230701' bila vistari, muundo ambao SQL Server huusoma namna moja tu, lugha iwe ipi. Safu mpya tulizifanya za aina ya date au datetime2, ambazo huusoma muundo wa mwaka, mwezi na siku kwa usahihi bila kujali mpangilio wa akaunti. Kwa maandishi yanayotoka matawini tulitumia TRY_CONVERT, amri ya kujaribu kugeuza maandishi kuwa tarehe, pamoja na mtindo namba 103, ambao ni wa kutanguliza siku. Mstari unaoshindwa kusomeka hupewa thamani tupu na kuwekwa pembeni ukingoje mtu, badala ya kukisiwa.

Katika Power BI ufumbuzi ulikuwa mfupi. Programu hiyo inapofungua faili huongeza yenyewe hatua ya kutambua aina za data, ikifuata eneo lililowekwa kwa faili hilo la ripoti. Tuliifuta hatua hiyo na kuandika ya kwetu inayotaja waziwazi eneo la en-GB, yaani Kiingereza cha Uingereza, ili ripoti isome vilevile hata ikifunguliwa na mtu mwenye kompyuta ya mpangilio mwingine.

Tarehe za mwisho wa matumizi ya dawa zilinipa wasiwasi kuliko mauzo yote. Bohari hutoa kwanza bechi inayokaribia kuisha muda. Bechi inayoisha 04/09/2024 ikisomwa 9 Aprili itaharakishwa kutoka au kuondolewa ghalani bure, na hiyo ni hasara ya fedha. Inayoisha 09/04/2024 ikisomwa 4 Septemba itakaa rafuni miezi mitano ikihesabika nzima. Juu ya hayo, pakiti nyingi huandikwa mwezi na mwaka tu. Karani akiandika 08/25 katika Excel yenye mpangilio wa Marekani, anapata 25 Agosti ya mwaka anaoandikia. Akiandika 08/2025 anapata 1 Agosti, wakati dawa iliyoandikwa mwezi pekee huhesabiwa kuwa nzima hadi siku ya mwisho ya mwezi huo. Hapa hatukukubali marekebisho ya amri wala mfululizo wa namba. Watunza ghala walisoma pakiti moja baada ya nyingine, na fomu mpya ikatenganisha mwezi na mwaka katika visanduku viwili vya kuchagua kutoka orodha, siku ya mwisho ikikokotolewa na mfumo.

Suala la saa lilihusiana na haya kwa karibu. Huduma ya mtandaoni ya Power BI hufuata UTC, saa ya kimataifa ya marejeo, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, hivyo kipimo cha mauzo ya leo kikitazamwa kabla ya saa tisa usiku huonyesha ya jana. Kwa kawaida hakuna anayekesha kutazama ripoti. Lakini ankara zilizotoka kwenye simu za mawakala zilihifadhiwa kwa UTC, na iliyoandikwa saa sita kamili usiku wa kuamkia 1 Julai ilisomeka saa tatu usiku ya 30 Juni, ambayo kwetu ni mwaka mwingine wa fedha.

Palikuwa na pendekezo kwamba kila mtu ofisini alazimishwe kuandika mwaka kwanza. Nililipinga. Mtu anayesoma ripoti ana haki ya kuona tarehe kama anavyoisema, na kinachotakiwa kufuata kanuni moja ni safari ya data kati ya mifumo. Ripoti za uongozi tulizipa mwezi kwa maneno, 1 Julai 2023, na hapo hakuna wa kuzisoma kinyume. Njia hiyo ni ya kuonyesha tu, si ya kuingiza: Excel ya Kiingereza huikubali 5 Jul au 5 Nov kwa sababu vifupisho vinafanana, na huiacha kama maandishi 5 Mac, 5 Mei, 5 Ago, 5 Okt na 5 Des, kwa hiyo fomu inayoruhusu miezi ya maneno itaonekana nzima Februari na kuharibika Machi.

Kabla ya kupokea programu yoyote mpya ya ripoti sasa ninaipitisha kwenye faili dogo la majaribio. Nimeziacha nje Saba Saba na Nane Nane, ambazo waonyeshaji wa programu huzipenda na ambazo hupita kila mtihani. Nimeweka 9 Desemba, ambayo ikipinduka inakuwa 12 Septemba. 12 Januari, inayokuwa 1 Desemba. 1 Julai kwa ajili ya mwaka wa fedha. 13 Julai ili nione kama inakataa kwa sauti au inanyamaza. 29 Februari 2024. Na ankara moja ya saa nane usiku wa kuamkia 1 Januari, inayotakiwa kubaki katika mwaka mpya hata baada ya kupita kwenye seva ya UTC.